Simiyu Amekataa Maji

Doha, mwezi wa Ramadhani

Mama yangu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Dada Zuhura aliniambia kwa simu kwamba baridi ya huko imezidi mwaka huu, na kwamba ukienda kumtembelea Kitale, pale kwake Kibomet, unalala na sweta mbili. Vaa hata tatu, Mama, usione haya. Ningeweza ningekutumia joto la huku kwa gunia, na bado lingebaki la kugawia majirani wote wa msikitini. Na mvua je, bado inanyesha kila alasiri? Yule fundi wa paa la jikoni alikuja, ama bado ni kesho, kesho?

Mimi ni mzima. Barua hii ataileta Wafula, mwenzetu wa kambini anayekuja likizo kwao Kwanza, karibu na Kitale. Simu haitoshi. Kadi inaisha kabla sijafika kwenye neno lenyewe, na neno lenyewe linamhusu Simiyu. Usishtuke, yuko hai. Lakini nataka ulisikie kutoka kwangu, kwa sababu na wewe umo ndani yake.

Huku kila jioni tukishafuturu tunakaa bwaloni kutazama utabiri wa hali ya hewa. Zamani tulikuwa tunatazama mpira. Mtangazaji anasimama mbele ya ramani ya nchi zote za huku, Kuwait mpaka Omani, na yote imepakwa nyekundu. Kiarabu chao kinaenda mbio, madrasa yangu ya Bungoma haikifikii, kwa hivyo anayetutafsiria ni Mzee Idrisa, Msudani anayetuswalisha. Jumapili alisema joto litazidi wiki nzima katika eneo lote, na kibaya zaidi, upepo wa jangwani unakatika na ule wa baharini unaleta unyevu. Jua kavu tumelizoea. Unyevu ndio unaoua watu, maana jasho linatoka na halikauki, linakuganda tu mwilini, nawe unachemka ndani yake.

Kampuni inatutoa juani mchana, hilo siwezi kuwanyima haki yao. Tunaanza alfajiri na kuacha kabla ya adhuhuri. Lakini saa tatu asubuhi ya huku ni mbaya kuliko saa saba ya Februari kwetu. Mimi na Simiyu tunasuka vyuma vya nguzo, mmoja anashika chuma, mwenzake anakaza waya kwa koleo. Bila glavu chuma hakishikiki. Wasiofunga wamewekewa kibanda cha turubai wakanywe maji humo, kwa sababu sheria haimruhusu mtu kunywa hadharani mwezi huu. Wanepali wanaingia, Wafilipino wanaingia. Simiyu haingii.

Mwanzoni sikujua. Nilidhani anakwenda nikiwa nimeinama. Jumatatu koleo lilimponyoka, akaokota, likamponyoka tena. Halafu akaniuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

“Ng'ombe gani?” nikamwuliza, nikicheka. Unamjua kwa mzaha, jina lake hilo la kiangazi analitambia kila mtu, ati aliyezaliwa kiangazi jua ni ndugu yake. Kisha nikamtazama vizuri. Ngozi yake ilikuwa kavu. Sisi wote tumelowa hadi viatuni, yeye ni mkavu. Mtu wa hivyo, Mama, yuko njiani kufa.

“Umekunywa maji leo?”

“Bado.”

“Na jana?”

“Jioni. Na wewe.”

“Simiyu, wewe ni mtu wa kanisa. Umefunga ya nini?”

“Sijafunga, bana. Ni vile siwezi kwenda kunywa na wewe uko hapo, midomo imekupasuka. Si Mama alitukataza?”

Mama ni wewe. Kumbuka alipotoka Kachibora kuja kusoma Bungoma, tukamweka kile chumba cha nyuma, ukamkuta barazani akitafuna muwa mchana wa Ramadhani. Hukumgombeza. Ulimwambia tu kwamba mbele ya aliyefunga watu hawali wala hawanywi, wawe wa dini yoyote. Akaenda kutema uani. Wewe ulisema mara moja ukaendelea na kufua. Yeye amelibeba neno hilo mpaka huku.

Nilikasirika. Nilimwambia hayo yalikuwa ya baraza letu, si ya jua la kuua mtu. Nikamwambia aende kibandani, huko mimi sitamwona. “Lakini mimi nitajua,” akasema. Basi nikamdanganya kwa jina lako, unisamehe, nikasema ulipiga simu jana ukaagiza anywe. Akaniangalia kwa huruma. “Mama hana kadi ya kupiga huku,” akasema. Akainama kuliokota lile koleo, na hakuinuka.

Tulimburuta hadi kibandani. Gari la huduma ya kwanza lilikuwa upande wa pili wa ujenzi, msimamizi anapiga kelele kwenye simu, na Mnepali mmoja anampepea kwa kofia. Nilimwinua kichwa nikampa chupa. Macho yalikuwa wazi, ananiona, lakini amekaza meno na kugeuza uso. Niliogopa, Mama. Nilianza kufikiria nitamwambia nini mama yake.

Mzee Idrisa alishatufundisha kwamba mtu akihofia roho, iwe yake ama ya mwenzake, ana ruhusa. Sikungoja kumwuliza tena. Niliinua ile chupa nikanywa mbele ya macho yake. Sikuonja, nilikunywa, maji yakanimwagikia kifuani, na nilikuwa nalia, na siwezi kukuficha, maji yalikuwa matamu sana. Kisha nikamwekea mdomoni. “Haya,” nikasema, “hapa sasa hakuna aliyefunga.”

Akanywa.

Hospitali walimtundikia dripu wakamrudisha na onyo, kwamba safari nyingine huenda asiwahi. Leo amerudi kazini. Na jana usiku ramani ilikuwa nyekundu vilevile, wiki nyingine nzima, eneo lote. Nilidhani amejifunza. Saa mbili asubuhi nilimwona analamba midomo na kuniangalia kwa wizi. Nimemshika mkono tukaingia kibandani, nikanywa kwanza, ndipo naye akanywa. Anasema amejaribu peke yake na koo linakataa.

Siku zote nitakazokula nitazilipa, inshallah, hilo lisikuumize. Linaloniumiza mimi ni kwamba wiki ijayo huenda wakatutenganisha, kila mmoja jengo lake, na huko sitakuwepo. Kwa hivyo Wafula akifika tu, nenda kwa Zuhura utumie simu yake. Nambari ya Simiyu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie yeye, usinipigie mimi. Mwambie anywe.

Nisalimie Zuhura na shemeji, na mtoto wao ambaye sijamwona. Mama yake Simiyu kule Kachibora umwambie tu kijana anafanya kazi na anakula vizuri. Haya mengine yabaki kwako.

Niombee.

Mwanao ambaye leo hakufunga,

Rajabu