Sukari ya Asubuhi na Ugali wa Mama Devota

Murungu, Kibondo
Agosti, 2014

Dada yangu Zaina,

Shikamoo dada. Natumai barua hii inawakuta wazima wote hapo Muheza, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi napumua, nafundisha, nakula. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nishike kalamu badala ya kukupigia, maana kwenye simu ningelia tu na salio lingekwisha.

Kile kipimo cha sukari ulichonitumia kimenitia wazimu. Jioni kinasoma saba. Nalala bila kutia kitu kingine kinywani. Asubuhi kinasoma kumi na moja! Nilidhani kimeharibika, nikampima mwalimu mwenzangu, kikasoma vizuri kabisa. Kule kliniki, nesi akanitazama kama mama alivyokuwa akikutazama wewe ukitoka jikoni unapangusa mdomo. "Mwalimu, usiku unakula nini?" Nikaapa. Akatikisa kichwa. Basi kwa hasira nikaacha kabisa chakula cha jioni. Asubuhi sukari ikawa juu vilevile, na kizunguzungu darasani juu yake.

Sasa hapo ndipo nilipomuumiza mtu. Mwenye nyumba wangu ni Mama Devota. Wazazi wake walikimbia Burundi yeye akiwa mgongoni, kakulia hapa, raia kama mimi na wewe. Tangu nihamie kwake, kila jioni alikuwa akiniletea sahani ya ugali wa muhogo na maharage ya mawese, bila kunidai kitu. Nikaanza kuirudisha. Leo nimeshiba mama, kesho nimeshiba, keshokutwa nimeshiba. Kwetu mtu akikataa chakula tunasema anaringa. Huku, ukikataa chakula cha mtu siku baada ya siku, umesema unaogopa sumu. Sikujua, dada. Na majirani waliiona sahani ikirudi imejaa. Mumewe alikufa ghafla miaka ya nyuma, mara tu baada ya kula, na ndimi za watu hazijapumzika tangu hapo.

Yeye anaishi kwa kupika. Siku ya gulio anauza ugali na maharage sokoni. Gulio moja nikamkuta yuko nyumbani mchana, anawamwagia kuku sufuria nzima. Nikamuuliza kuna nini.

"Hawali," akasema. "Wanasema, kama mwalimu anayelala kwake hali, sisi tule tuna roho ngapi? Mwana wanje, mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

Nikamweleza habari ya sukari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Usiku hujala, na asubuhi sukari imepanda. Imetoka wapi, mwalimu?"

Nilisikia mwenyewe jinsi ukweli wangu ulivyonuka uongo. Akaingia ndani akafunga mlango, nami nikalia pale uani kama mtoto aliyechapwa.

Jumamosi nikapanda basi hadi Kasulu, nikaenda hospitali ya misheni pale Kabanga. Daktari, mtu mzima, hakunicheka. Alisema ini ni ghala la sukari. Alfajiri inapokaribia mwili hulifungua wenyewe ili upate nguvu za kuamka, na kwetu sisi wagonjwa sukari ile inakosa wa kuizuia. Kwa hiyo sikuwa mwongo. Akabadilisha dawa, akaniambia nisilale njaa, nile jioni, ugali kidogo na maharage ya kutosha. Maharage, dada! Chakula kilekile nilichokuwa nikikirudisha.

Gulio lililofuata nilikaa kwenye benchi lake mbele ya watu wote, nikala. Nikawaeleza habari ya ini na ghala kwa sauti ya darasani. Walinisikiliza kwa adabu, maana huku wanawaheshimu walimu, kisha wakaenda kununua kwa mama mwingine. Nikamsikia mmoja akisema, "Lisemwalo lipo." Mama Devota aliendelea kupika magulio machache, akachoka kuwapikia kuku. Sasa anafanya vibarua kwenye mashamba ya watu, na umri ule.

Naye hajanitukana hata mara moja. Jioni ananiletea sahani kama zamani, ila sasa anasimama mlangoni, anamega tonge, anakula, anameza mbele yangu, ndipo ananikabidhi. Zamani hakufanya hivyo. Nimemsihi aache. "Oya," anakataa, "wewe kula." Nakula hadi namaliza. Nina huzuni, dada, wala sijui nimlipe nini mtu niliyemvunjia jina.

Msalimie mama, nambusu mikono. Msalimie shemeji Athumani, na mwanao Shani, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Bibi Mwanakombo jirani yetu asinisahau katika dua.

Mama Devota amepita sasa hivi akaniona naandika, akauliza kama ni barua ya kwetu. Hamjui hata mmoja wenu. Ameomba niwaandikie kwamba nakula kwake kila siku na niko mzima, na kwamba barua hii muisome kwa sauti, majirani wa huko wasikie.

Mdogo wako,
Mwanaidi