Kompyuta imesema daraja la kwanza

Shoga, niko getini kwenye kiwanda cha mbao, nina hasira!

Baba mdogo si unajua, miaka thelathini anakagua magogo? Leo meneja kamwambia mbele ya wageni akae pembeni, kazi yake sasa inafanywa na kamera yenye akili bandia. Akili, eti!

Gogo la kwanza likaja. Baba mdogo akaona doa la rangi ya wino pale lilipokatwa. Akasema, "Hilo lina msumari ndani, chuma ndicho kimetia doa. Msilipitishe."

Meneja akacheka. "Mzee, kompyuta imesema daraja la kwanza."

Daraja la kwanza, shoga!

Msumeno ukagonga chuma, ukakatika vipande. Wageni wote chini, na suti zao! Baba mdogo hata hakugeuka, alikuwa anakunja aproni yake.

Ngoja, bado. Sasa hivi wamebandika tangazo hapa getini: anatafutwa mtu wa kuifundisha kompyuta kutambua misumari. Awe na digrii. Na chini yake: "Ataelekezwa kazi na mzee wa magogo."

Hata kumuuliza hawajamuuliza!

Baba mdogo kalisoma lote taratibu, kaniomba kalamu, kaandika palepale: "Samahani, mzee hana digrii."