Aliyechana Kiti cha Pikipiki

Elirehema mwanangu,

Nyumba hii hakuna msema kweli kama mimi. Leo asubuhi tu ndiyo nilinyamaza.

Kiti cha pikipiki yako nimekibeba kichwani, nakipeleka mjini kwa fundi viatu akivishe ngozi mpya. Ndizi ziko jikoni. Baba yako mpe nyama. Hapana, nimefuta: mpe maharage.

Ukifika, kabla hujavua koti, mzuie mkeo. Namnyaki amefunga mzigo arudi kwao Oldonyo Sambu, kwa vile ulimgombeza kwamba kuni zake ndizo zilizochana kiti. Viatu vyake nimevificha kwenye pipa la mahindi, vitamchelewesha kidogo. Mwombe msamaha vizuri, si kukohoakohoa. Kiti kilichanwa na seng'enge ya shamba la mzungu.

Tangu mlipogombana nakaa, nasimama, chai imenishinda. Baba yako aliapa mbele yetu kwamba hilo dude hajaligusa maishani. Basi mwulize: jana ulipokuwa kazini, nani alikuwa analiendesha pale kwenye kona ya shamba hilo, akipiga kelele, "Mama Elirehema, nishike sana!"

Maana nilimshika.

Mama yako