Mikono Nyuma

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mama hajambo. Mimi mzima wa afya, ila usingizi umenihama. Hapa kwenye kiwanda cha viatu wamenipandisha cheo: sishoni tena, nafundisha wageni kushona. Nimepewa watu sita na miezi mitatu. Wasipofaulu, narudi kwenye cherehani yangu.

Naongea mpaka koo linakauka. Wanaitikia ndiyo, ndiyo, nikigeuka tu ngozi imeharibika. Mwishowe nawanyang'anya kazi na kuimalizia mwenyewe. Wewe umefundisha mafundi viatu miaka thelathini. Ulikuwa unafanyaje?

Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke. Hujawahi kuniambia nirudi, hata kwa utani.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Mama yako anakusalimu na anasema huli vizuri. Sijui kakuonea wapi.

Unaongea sana, na hilo hukulitoa kwangu. Mara ya kwanza shona kimya, wakutazame. Mara ya pili shona ukieleza. Mara ya tatu wao ndio waeleze, wewe ushone, na wakikosea lishone kosa lao walione. Ndipo washone wenyewe. Usiwaulize kama wameelewa, maana hakuna mtu mzima atakayekubali mbele za wenzake kwamba hajaelewa. Waambie wakuonyeshe.

Na wakishika kazi, wewe weka mikono nyuma. Ishikane huko huko isichomoke. Ukimnyang'anya mtu sindano, umemwambia hawezi.

Kuhusu kurudi, wewe ni mtu mzima.

Baba yako

14 Machi

Baba,

Shikamoo, na mama pia. Kati ya wanafunzi wangu kuna mama mmoja aliyekuwa akiuza mkaa, vidole vizito. Siku tano mfululizo alikata uzi. Nilisimama mikono nyuma, nikajifinya. Siku ya sita akashona mstari mpaka mwisho, kisha akakaa tu anautazama. Nusura nilie.

Baadaye nikaona viganja vyangu vina alama za kucha. Nikakumbuka vyako. Nilipokuwa na miaka tisa nilijichoma sindano kibandani kwako, nawe ukasimama mikono nyuma mpaka nikamaliza kiatu. Nilikuchukia siku ile. Niliona alama viganjani mwako nikadhani ni za kazi.

Nimekukumbuka, baba, mpaka kifua kinauma. Sema nije au nisije, lakini sema.

Mwanao

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Mko salama? Wote sita wamefaulu, na yule mama wa mkaa ndiye wa kwanza. Nilitaka wewe ndiye ujue kabla ya watu wote.

Hujanijibu tangu Februari. Kama ni kwa sababu niliandika kwamba nilikuchukia, nisamehe. Nilikuwa mtoto.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usicheke mwandiko. Kiharusi kilinipata Machi, mkono wa kulia ukalala, na mpaka leo haujaamka. Huu ni wa kushoto, mwanafunzi mpya, mbishi kuliko hao sita wako.

Sikukasirika. Mama yako alitaka kukuandikia zamani, nikamkataza. Nilitaka upate habari kwangu mwenyewe. Akataka basi kunishikia kalamu, nikamwambia, "Mikono nyuma." Sasa amekaa kwenye kigoda ananuna. Barua hii nimeiandika kwa siku nne.

Nimefurahi kwa hao sita. Nimeisoma ile ya mama wa mkaa mpaka karatasi imechakaa.

Miaka yote hii sikukuita kwa sababu niliona unajifunza maisha, nikaogopa kukunyang'anya. Kila jioni nilitamani kukuita. Hapo nilikosea, mwanangu. Wewe si mwanafunzi wangu.

Njoo nyumbani. Na ukinikuta najikongoja kuja mlangoni, mikono usiiweke nyuma.

Baba yako