Tangi Lililonipita

Mwanangu ameokoa mtaa mzima, mdogo wangu, kwa tangi la maji alilolikata kwa msumeno. Haya, sasa ndiyo nikusalimu. Hujambo wewe, shemeji na lile goti lako? Sisi wazima, ingawa magodoro hayajakauka.

Mto umefurika kuliko hata wazee wanavyokumbuka. Mashua za uokoaji zilikuwa chache, zote zimekwama ng'ambo. Mwanangu, si unajua ni fundi bomba, akakumbuka tangi jipya la plastiki pale karakana. Akalikata kwa urefu, nusu akampa mwenzake, nusu akapanda yeye, akapiga kasia kwa ubao. Akili ile ni yangu. Baba yake alimpa miguu tu.

Mimi nilikuwa juu ya paa, nimekumbatia cherehani. Nilipomwona anakuja nikajifunga kitambaa vizuri, watu waone anavyomchukua mama yake. Akanipungia mkono, akanipita. Alikwenda kumchukua mama mkwe wake, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wakarudi, yule mama kakaa ndani ya tangi kama bibi harusi, akanisalimu. Nikamwitikia kwa meno.

Aliponirudia alisema ukuta wa mkwewe ulikuwa umeshapasuka, na mimi alijua sitishiki. Kweli, nyumba ile ilianguka muda si muda. Alifanya sawa, sikatai. Lakini wivu hauna masikio, mdogo wangu.

Tangu siku hiyo, akitoka kazini anapitia shuleni, wanakolala waliokosa nyumba, kumjulia hali mkwewe. Kwangu anafika keshashiba, anapiga miayo.

Basi juzi nimekwenda mwenyewe kumwomba yule mama ahamie kwangu, kwenye chumba cha nyuma. Alilia, maskini. Nilimpa sharti moja tu: chakula cha mwanangu napakua mimi. Majirani wananisifu moyo wangu, nami nainamisha kichwa kama mtu mwema. Wewe peke yako nakwambia ukweli: nimemchukua ili mwanangu akienda kumwona mkwewe, mlango atakaobisha uwe wa mama yake.

Usimwambie mtu, hata shemeji. Nibusie watoto wote. Yule mama anakuja na vifurushi vyake, mwanangu ndiye mbebaji, na ndugu wote nimewaita. Wahi wewe, ukae upande wangu.

Ni mimi dada yako, mama yake fundi, ninayewangoja nyote Jumamosi.