Jina Nililolitamka Harare

Lusaka, Alhamisi

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikia mguu wako unakusumbua tangu masika. Je, uvimbe umepungua? Maji ya mto yamekwisha kushuka mashambani, au mpunga wa mabondeni bado umelala? Sisi huku tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio usiotulia, na sababu yake inakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo vaa miwani, usome polepole.

Unajua kwamba mke wa mwanangu Beni amejifungua mtoto wa pili, wa kike. Tangu siku hiyo yule mkubwa akawa hali, halali, na ukigeuka kidogo anambana mdogo wake pua. Mama Chanda, jirani yetu anayepeleka vitambaa vya kufuma kuuza Harare, akanishauri nimtoe mtoto nje ya nyumba kidogo, tufuatane naye. Tungelala kwa masista, ambako kitanda ni rahisi, na mtoto angekaa mapajani bila kulipiwa nauli. Nikachemsha mayai na viazi vitamu vya kututosha, tukapanda basi Ijumaa. Pale Chirundu, juu ya daraja la Zambezi, nikamweleza kwamba nchi moja huishia katikati ya maji na nyingine huanzia hapo hapo, bila alama. Akauliza kama viboko wanajua. Nikamwambia wale wa kwetu Kilombero hawajui hata mpaka wa shamba la mtu. Akacheka, mara ya kwanza tangu mdogo wake azaliwe.

Jumamosi, Mama Chanda akiwa sokoni, mimi na mtoto tukaingia duka kubwa la ghorofa, kutazama tu. Mle ndani mna ngazi za umeme. Acha nikueleze: vipandio vyake vimeungwa kama mnyororo wa baiskeli, vinapanda na kurudi chini kwa ndani. Wewe unasimama, ngazi ndiyo inayokwenda. Nilikuwa namweleza hivyo hivyo, nimeinama kukusanya khanga yangu isinaswe, yeye akakanyaga. Ikambeba. Akageuka, akanipungia mkono, akamezwa na watu juu. Miguu yangu ikakataa kumfuata. Nikazunguka kutafuta ngazi za kawaida, na nilipofika juu hakuwepo. Nikashuka, hakuwepo. Mlango uko wazi, na nje ni barabara ya magari.

Mlinzi akanipeleka kwa binti mwenye kipaza sauti. Akaniuliza kwa Kiingereza cha heshima, "Mama, mtoto anaitwa nani?"

Wifi, huo ndio mzigo wa barua hii. Wewe ulikuwepo siku shangazi yenu aliponikalisha mkekani pale Kiberege, akaniambia kwamba jina la baba mkwe halipiti kinywani mwa mke wa mwanawe. Halikupita. Darasani nilikuwa na mwanafunzi wa jina hilo, nikamwita "wewe wa dirishani" mpaka akamaliza la saba. Kanisani padri akimtaja mtakatifu yule, mimi nainama kufunga kiatu. Nawe ulikuwa ukinichokoza mbele ya watu, "Eti wifi, baba yangu anaitwa nani vile?" Beni alipompa mwanawe jina la babu yake nilifurahi sana. Nikamwita Mkwe, na nyumba nzima ikafuata mdomo wangu.

Basi nikamweleza binti kaptula ya kijani na kovu la kidevuni. Akasema anahitaji jina. Nikaliandika kwenye kipande cha karatasi, maana shangazi hakukataza kalamu. Akalisoma kwa matamshi ya kwao, lakini hakuna aliyekuja. Mlinzi akasema, "Labda akisikia sauti yako, Mama."

Nikashika kile kipaza sauti nikalitamka. Jina la baba yako, Wifi, mbele ya watu wa nchi nyingine, mara tatu. Sauti yangu ilinirudia kutoka darini kama ya mwanamke nisiyemjua. Mtoto hakutokea.

Ndipo nikaita, "Mkwe, njoo kwa bibi."

Mablanketi yaliyotundikwa karibu nasi yakatikisika, naye akatoka nyuma yake. Alikuwa hapo muda wote. Nilitaka kumchapa, mkono haukuinuka. Yeye alikuwa akichungulia nyuma yangu.

"Bibi, nilisikia unamwita mtu. Amekuja?"

Tulirudi salama. Nilipomsimulia mke wa Beni, hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mama, polisi wangemwokota, angewaambia anaitwa Mkwe?" Kisha akasema shule ikifunguliwa Januari atamwandikisha kwa jina la Brian, kwa sababu jina ambalo mtoto haliitikii si jina. Mwanamke yule amesema kweli. Lakini mtoto akiandikwa Brian, baba yako atakuwa amefutika. Mjukuu mwingine wa kulibeba jina lake hatuna.

Shangazi yenu hayupo, ndugu yako hayupo. Umebaki wewe wa kunifungua kinywa. Mguu ukikuruhusu, panda gari hadi Kiberege, mwagie baba maji kaburini, umwambie sikumdharau. Nilikuwa namtafuta mtu wake. Ukiona nimekosa, nitajie faini, kuku au mbuzi, nitatuma. Ukiona inafaa, niruhusu niliite hapa nyumbani kila siku mpaka mtoto alizoee. Mpaka jibu lako lifike nimefunga mdomo tena, na Januari haiko mbali.

Yeye kila asubuhi huniuliza yule mtu niliyemwita anakaa wapi. Nilimwambia amuulize baba yake. Jana Beni akamkalisha mezani, akampa penseli.

Nisalimie binti yako na mumewe huko Kidatu, jirani yako wa Lipangalala anayekuchotea maji, na katekista mzee aliyemfundisha Beni sala.

Ni mimi wifi yako, mke wa marehemu ndugu yako.

Mjukuu wako naye anakusalimu. Hapa chini ameandika jina lake kwa mkono wake. Herufi ya sita ameigeuza, msimcheke. Penseli sikuishika mimi.

GERVASI