Sinia la Mama

Kaka Tahir, shikamoo. Huko Maskati salama?

Chukwani mvua zimeanza, na paka wako kazaa kabatini juu ya kanzu zako. Mimi situlii. Nnakaa, nnainuka, nnafungua kompyuta, nnaifunga.

Ule ufundi wa kupaka rangi vitu vya gemu za kompyuta nnaendelea nao. Sasa nnajifunza shaba. Mwanzo nlipaka manjano tupu, mwalimu akasema nimechora papai. Kumbe shaba ni kiza na mwanga vilivyokaa bega kwa bega, na weusi uliojificha ndani ya nakshi.

Basi nkalichukua sinia la shaba la Mama niliige. Unamjua. Kila nkiliacha mezani lipate weusi, nkigeuka keshalisugua kwa jivu na ndimu. "Mgeni akiingia akalikuta hivi, atasema nyumba hii haina mwanamke." Tukagombana, Kaka. Nlimwambia aliache, ananiharibia kazi.

Mwezi huu nimefanikiwa. Weusi umekaa, na ukingoni imeanza kutoka kutu ya kijani. Mwalimu kanisifu mbele ya wenzangu.

Sinia bado liko mezani. Juzi majirani walikuja kumtazama Mama, nkawaletea kahawa juu yake hivyo hivyo lilivyo, naye akaliona kutoka kitandani, asiseme kitu.

Ukimpigia simu atakwambia mzima, uchovu tu. Usimpigie. Njoo.

Nduguyo,
Nadra